Uliza Fundi: Bolti inazunguka kwenye reli, flatibaa haiingii mferejini

SWALI: Shikamoo fundi. Mi si fundi wa kusomea, mbao nazishika jioni nikishatoka kazini. Nina msumeno wa meza na sasa hivi natengeneza sledi, ule ubao unaoteleza juu ya meza ukiwa umebeba mbao unayokata, maana ile geji ya pembe iliyokuja na mashine inachezacheza mpaka inakera. Juu ya sledi nimechimba mfereji nikalaza reli ya T ya alumini ya kushikia stopa na vibanio. Sasa, bolti za M6 nilizonazo zinaingia kwenye reli vizuri tu ila nikikaza nobu kichwa kinazunguka humo ndani, hakuna kinachokaza. Halafu chini nilitaka kitelezi cha chuma, kile kipande kinachoteleza ndani ya mfereji wa meza, nikachukua flatibaa ya milimita 20 kwa 10, haiingii kabisa kwenye mfereji wa meza. Nimepima kwa rula naona kama 19, nikigeuza rula naona kama 20. Hivi vitu vina saizi maalum au kila mashine na yake? Na plaiwudi yangu ni ya milimita 12, sijui kama inahusika.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Plaiwudi inahusika sana, tutaifikia.

Kwanza tutenganishe, maana una mifereji miwili na kazi zake hazifanani hata kidogo. Mfereji wa kwenye meza ni wa kuteleza, kwa hiyo unachotafuta pale ni upana sahihi. Mfereji wa reli ni wa kubana, pale unatafuta kichwa cha bolti kisichozunguka na nyuzi zinazokubaliana na nati. Watu wengi wananunua vyote kwa mkupuo mmoja, kwa kutaja tu "vya msumeno wa meza", halafu wanarudi nyumbani na mfuko wa vitu ambavyo havijuani.

Tuanze na bolti. Reli nyingi za T zenye upana wa milimita 19 zilibuniwa kwa bolti ya robo inchi, sio M6. Tofauti ya unene wa bolti ni ndogo, robo inchi ni milimita 6.35 na M6 ni 6, ndo maana mtu anaona ni kitu kilekile. Tofauti yenyewe iko kichwani. Kichwa cha bolti ya robo inchi kina milimita 11.1 bapa kwa bapa, yaani kutoka upande mmoja bapa hadi ule wa mkabala wake, na nafasi ya ndani ya reli imeachwa kubwa kidogo tu kuliko hapo ili zile bapa mbili ziegemee kuta na kichwa kigome kugeuka. Sasa we umeweka M6 ambayo kichwa chake ni milimita 10 bapa kwa bapa. Ukipima kona kwa kona kinafika kama 11 hadi 11 na nusu, yaani karibu sawasawa na upana wa ile nafasi, kwa hiyo ukikaza kinafanya moja kati ya mawili, ama kinazunguka chote ama kinajing'ang'aniza kwa kona mbili na kuanza kuchubua alumini. Chungulia ndani ya reli yako na tochi, kama umeshakaza kwa nguvu utaona mikwaruzo ya kona pale.

Dawa ziko kadhaa. Iliyo rahisi ni kutafuta bolti ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi pamoja na nati na nobu zake, zote za robo inchi, usichanganye. Nasema usichanganye kwa sababu nati ya robo inchi inaweza kuanza kushika kwenye M6 kwa ulegevu na ukadhani umefanikiwa, halafu siku unakaza kibanio inaruka nyuzi na mbao inachomoka bledi ikiwa inazunguka. Kuna pacha mwingine mbaya zaidi, M8 na 5/16 ya inchi. Hizo unene wake karibu ni mmoja, 8 na 7.94, ila M8 inapanda milimita 1.25 kila mzunguko na 5/16 inapanda 1.41, kwa hiyo nati inaingia raundi mbili tatu halafu inakwama, na mtu anachukua spana akijua ni uchafu. Ikikwama kwa mkono itoe, usilazimishe.

Kama kwako M6 ndo inayopatikana na hutaki mambo ya inchi, tafuta bolti ya T yenye kichwa kirefu bapa, ile ambayo kichwa chake ni kama mstatili na kinakaa kwa urefu ndani ya reli, haiwezi kugeuka hata ikitaka. Au nati ya T, kile kipande kinachoteleza ndani ya reli chenye tundu lenye nyuzi katikati. Nati ya T ni nzuri ila ina ujanja wake: bolti inaingia kutokea juu, na ikiwa ndefu mno itagonga sakafu ya reli kabla kibanio hakijakaza. Wewe unaendelea kukaza ukijua unabana mbao kumbe unaitanua midomo ya reli yenyewe, na mbao haijabanwa. Kata bolti iwe fupi ili ikifika mwisho wa kukaza bado iachie nafasi chini yake.

(Na zile bolti za kufungia sinki la choo sakafuni, zenye kichwa bapa cha duaradufu, zinaingia kwenye reli nyingi za T vizuri tu. Mafundi wengi wanazitumia kimyakimya. Pima kwanza, lakini usizidharau.)

Kuna pia reli kubwa, upana kama milimita 30, ambayo imekusudiwa M8 yenye kichwa cha milimita 13. Kwa mtu anayeishi kwenye milimita hiyo ndo naipenda zaidi, inabana kwa nguvu na bolti zake ni za kawaida. Ubaya ni kwamba ina kina kikubwa kuliko ile ndogo, na hapo ndo tunaikuta plaiwudi yako.

Reli ndogo ina kina cha karibu milimita 9 na nusu. Ukiilaza kwenye plaiwudi ya 12 inabaki milimita 2 na nusu chini yake, na hizo skrubu za kushikia reli zitang'ata nini? Hakuna. Sledi itapinda palepale kwenye mfereji, na ikipinda hata kidogo mbao yako haikai bapa na mkato hauwi wa mraba tena. Ukiwa na plaiwudi ya 18 inabaki 8 na nusu, hapo sawa. Kwa hiyo ama uongeze ubao wa pili juu yake kwa gundi uwe na 24, ama reli uitoe sakafuni uipeleke kwenye fensi ya sledi, ule ubao wa wima unaoegemeza kazi. Mi ningeipeleka kwenye fensi. Stopa unaihitaji pale kuliko sehemu nyingine yoyote, na sakafu ya milimita 12 inakaa nzima na nyepesi. Huo mfereji uliokwisha chimba uzibe kwa kipande cha mbao na gundi, ukikauka upige randa. Na popote utakapoweka reli, hakikisha hakuna skrubu wala chuma kwenye njia ya bledi, ukizingatia na ile siku utakayoilaza bledi kwa pembe.

Sasa kitelezi. Mfereji wa meza kwenye mashine nyingi kubwa ni robo tatu ya inchi kwa upana na 3/8 ya inchi kwa kina, yaani milimita 19.05 kwa 9.5. Ndo maana rula inakuyumbisha, macho hayawezi kutenganisha 19 na 20 kwenye ukingo wa chuma wenye kivuli. Flatibaa ya 20 imezidi karibu milimita nzima na haitaingia mpaka kiama. Na usianze kuipiga tupa, kutoa milimita moja sawasawa kwenye chuma cha urefu wa sentimita 60 ni adhabu, utapata kitelezi chenye tumbo katikati. Hata kwa kina imezidi, 10 kwa 9.5, ingekuwa inaninginiza sledi hewani.

Tafuta venia, kile kipimio chenye taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita, hata ya bei ya chini, upime mfereji sehemu tatu: mbele unaposimama, katikati karibu na bledi, na nyuma. Andika zote tatu. Kitelezi kinafuata ile sehemu nyembamba kuliko zote. Halafu pima kina. Halafu angalia mdomo wa mfereji kwa mbele, maana mingine imekatwa kama T, chini kuna nafasi pana zaidi kama milimita 24, ambayo ni ya ile washa ya duara kwenye geji inayozuia isidondoke ukiivuta nje ya meza. Kwa sledi hiyo nafasi ya chini huihitaji, kitelezi cha kawaida cha mstatili kinatosha.

Materiali sasa. Chuma cha robo tatu ya inchi kilichovutwa kwa baridi kinakuja na vipimo vya uhakika, ukikipata kina raha yake. Alumini ya robo tatu pia. Lakini kwa mtu mwenye msumeno wa meza tayari, mi namwambia achukue plastiki ngumu nyeupe, ile ya vibao vya kukatia jikoni, apasue ukanda mwenyewe kwa kuigusa bledi kidogo kidogo mpaka uingie. Haivimbi na unyevu, inateleza yenyewe, haichubui meza. Na ina tabia moja ambayo wengi wanailalamikia bila kujua ni zawadi: ukiipiga skrubu yenye kichwa cha koni plastiki inatanuka pembeni pale kwenye skrubu. Ukikata kitelezi kikiwa kimelegea unywele tu, unaweza kukaza skrubu mojamoja robo mzunguko huku unajaribu kwenye mfereji mpaka mchezo wa pembeni uishe. Ikikwama unalegeza. Ila toboa kwanza tundu la kutosha, ukipiga skrubu kavukavu itavimba yote na sledi haitasogea.

Urefu wa kwenda chini, kitelezi kiwe pungufu ya kina kwa karibu milimita moja, kwa hiyo kwa 9.5 tengeneza 8.5. Kisiguse sakafu ya mfereji, maana vumbi la mbao linajaa pale na likigandamana sledi inapanda juu bila wewe kuona.

Na kabla hujafunga chochote chomoa waya wa umeme kwenye soketi, pima umbali kutoka ukingo wa mfereji hadi jino moja la bledi likiwa mbele, izungushe kwa mkono hilo hilo jino lifike nyuma, pima tena. Zikitofautiana zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita rekebisha meza kwanza. Kitelezi kizuri kwenye mfereji uliopinda kitakupeleka upande uleule uliopinda, kwa uaminifu mkubwa.

SWALI: Fundi habari za kazi. Vitelezi vyangu ni vya mbao ngumu, nilivitengeneza kiangazi vikawa vinateleza kama siagi, mvua zimeanza sledi haisukumiki. Nikiviparua sasa si vitalegea jua likirudi?

JIBU: Salama kabisa. Vitalegea ndiyo, kama utaviparua hovyo. Mbao inavimba kwa upana ikinywa unyevu, urefu wake karibu haubadiliki, kwa hiyo tatizo lako liko kwenye hizo milimita 19 za upana tu. Cha kwanza angalia kichwa cha kitelezi pale mwisho, mistari ya miaka imelala vipi. Ikiwa imelala sambamba na meza basi ule upande unaovimba zaidi ndo umeuelekeza kwenye kuta za mfereji, na kila msimu utaimba wimbo huo huo. Kitelezi kizuri mistari yake inasimama wima, inavimba kidogo zaidi kwenda juu ambako una nafasi ya bure. Kama vyako vimelala usipoteze muda kuviparua, pasua vingine kutoka kwenye ubao uleule ukigeuza upande.

Kama vimesimama vizuri basi paka penseli laini kwenye ubavu wote, sukuma sledi mara chache, geuza uangalie. Sehemu inayobana penseli itakuwa imefutika au inang'aa. Hapo tu, sio kwingine, pitisha kikwangua au msasa uliofungwa kwenye kipande bapa, jaribu tena. Vikishateleza pigia nta, hata ya mshumaa, kwenye ubavu na tumbo, inapunguza kasi ya kunywa unyevu na inateleza. Usiweke grisi wala oili wala dawa za silikoni za kupuliza, zitahamia kwenye mbao yako na siku ya kupaka vanishi utaona vidoa vinavyogoma kushika.

SWALI: Mashine yangu ni ndogo ya kubebeka. Mfereji wake ni mwembamba, nimepata milimita 16 mbele na 15.6 nyuma, halafu ndani kuna vijiulimi vya chuma vinavyotokeza kwa juu, kitelezi hakiwezi kuingizwa kutoka juu mpaka kisukumwe kutoka mwisho wa meza. Nimeambiwa nivikate kwa grainda. Unasemaje?

JIBU: Dada, acha grainda kwanza. Hizo meza ndogo nyingi ni za alumini ya kumiminwa au bati lililokunjwa, ukiteleza na grainda umekula ukingo wa mfereji na hapo hakuna cha kuegemea tena. Kitelezi cha kununua cha robo tatu ya inchi sahau, sio saizi yako, na kile kinachotangazwa kwamba kinaingia mashine zote mi sikiamini kabisa mpaka nione namba zake.

Una njia mbili. Moja ni kupasua kitelezi cha plastiki chembamba kiasi cha kupita katikati ya vile viulimi, halafu uondoe ulegevu kwa upande mmoja: toboa matundu madogo kwa ubavuni kila baada ya sentimita kumi hivi, weka vijiskrubu vifupi visivyo na kichwa, uvitokeze mpaka viguse ukuta wa mfereji, ukivipanga visikutane na viulimi ukianza kusukuma. Zinazogusa ni zile ncha zake ndogo tu, ubavu wote haugusi. Ile tofauti yako ya 16 na 15.6 inaudhi kwa sababu ukibana kwa nyuma mbele italegea. Panga viguse ukuta wao bila kuubana kwa nguvu, na ukisukuma sledi uwe unaiegemeza kwenye ule ukuta mwingine, kila mara uleule, mkato utakuwa uleule.

Ya pili, ambayo kwa mashine yako ningeanza nayo, ni kutotumia mfereji kabisa. Jigi, yaani kifaa cha kushikia na kuongozea mbao, ya kukata mguu wa meza unaochongoka inateleza kwa ubavu kwenye fensi ya mashine, ile egemeo refu lililo sambamba na bledi, haihitaji kitelezi. Jigi ya kukata ndimi za kuchomeka inakaa kama tandiko juu ya fensi. Ukiwa na hizo mbili, kazi iliyobaki ya mfereji ni kukata mbao kwa kuikingama, na kwa hiyo ile geji iliyokuja na mashine inafaa ukiirekebisha. Kama bapa lake linacheza mferejini, lilaze kwenye chuma, pigia vidoa vya ncha ya panchi ubavuni mwake, kila kidoa kinainua kijiukingo cha chuma pembeni yake na bapa linakuwa nene kidogo, halafu unapitisha tupa mpaka lipite bila kubana. Ujanja wa zamani, bado unafanya kazi. Ila geji na fensi usizitumie kwa pamoja kukata kipande mpaka kiachane, kile kipande kinabaki kimenaswa kati ya bledi na fensi na kitakurudia tumboni.

SWALI: Mimi sina reli ya T na sitaki kununua. Naweza kuchimba tu mfereji kwenye mbao?

JIBU: Unaweza, na kwa stopa ya kawaida inatosha. Chukua bolti ya M6 yenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba chini yake. Kwa upande wa nyuma wa ubao piga kwa ruta, ile mashine ya kuchimbia mifereji, mfereji mpana wa kichwa kulala, kisha katikati yake pitisha mfereji mwembamba wa milimita 6 na nusu mpaka utokeze mbele. Ile shingo ya mraba inakaa kwenye mwembamba na haizunguki. Ubao usiwe chini ya milimita 18, na midomo inayobaki kubeba kichwa iwe na unene wa milimita 8 au zaidi, vinginevyo ukikaza inapasuka. Plaiwudi ni bora kuliko mbao mzima hapa kwa sababu tabaka zake zinapishana. Weka na washa pana chini ya nobu. Kwa vibanio vya kushikilia kazi wakati bledi inapita, hapo mi ningetaka chuma.

SWALI: Sledi iwe na kitelezi kimoja au viwili?

JIBU: Ndogo kimoja, kubwa viwili. Vikiwa viwili kimoja kibane vizuri na kile kingine ukiache kilegee kidogo, maana umbali kati ya mifereji na umbali kati ya vitelezi hautalingana milele, na vyote viwili vikibana sledi itasimama njiani. Hicho kinachobana kiwe kile kilicho karibu na bledi.